Punda wa soksi kwenye darasa la awali: nilivyofanya mimi

Semina moja ya kufundisha kwa vikaragosi ilituambia tujenge jukwaa la mbao, tushone pazia, mwalimu ajifiche nyuma yake watoto wasione mdomo wake. Mimi nina watoto zaidi ya 70 wa miaka mitano. Ukijificha tu, wa nyuma wanaanza kusukumana na wa mbele wanachungulia pazia. Kwa hiyo nakaa kwenye kiti mbele yao, kikaragosi mkononi, mdomo wangu ukicheza wazi kabisa, na hakuna anayejali. Macho yote yako kwa Punda.

Punda ni soksi. Tafuta stokingi ya mpira wa miguu inayofika gotini. Za mtumba pale soko la Sabasaba, Dodoma, utapata kwa hela ya maandazi. Soksi fupi inaishia kwenye kifundo cha mkono, shingo inakuwa mkono wa mwalimu. Kwa mdomo, kata boksi gumu umbo la yai, urefu kama sentimita 16 na upana 8, kisha likate katikati upate vipande viwili. Ukilikunja badala ya kulikata, litachanika kwenye mkunjo mapema sana. Viunganishe kwa selotepu pana, uache upenyo mdogo ili pajikunje vizuri. Ingiza mpaka mwisho wa soksi, vidole vinne juu, gumba chini, sukuma kitambaa kiingie kati ya vipande, halafu shona pembe mbili za mdomo.

Shona, usigandishe kwa gundi ya unga. Panya wa stoo wanaipenda. Gundi hiyo iache kwa vinyago vya maboksi: kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 3 vya maji, chemsha, tia vijiko 2 vya chumvi kuchelewesha ukungu, na vinyago uvianike kivulini, maana jua la Dodoma linakunja boksi kabla halijakauka.

Macho ni vifuniko vyeupe vya chupa za maji, vilivyotobolewa kwa msumari wa moto. Viweke juu, vikaribiane. Punda wa kweli ana macho pembeni, lakini wa soksi akiwa hivyo hamtazami mtu yeyote. Singa ni kamba ya katani iliyofumuliwa.

Kuna jambo wengi wanalikosea: gumba ndilo linaloshuka, vidole vya juu vinatulia. Ukiinua vya juu, Punda anaongea na dari. Mdomo ufunguke mara moja kwa kila silabi: ka-ri-bu, mara tatu. Watoto wakianza kupiga makofi kuufuata mdomo, somo la silabi limeshaanza bila chaki.

Ushauri mwingine ulioniudhi ni kwamba kikaragosi kifundishe maadili. Mhubiri mmoja darasani anatosha! Punda wangu hajui kitu. Anahesabu moja, mbili, nne, darasa zima linalipuka: "Tatu!" Anauliza sufuria huvaliwa mguu gani. Kwa wanaotoka nyumba zinazoongea Kigogo pekee, akiingia na salamu yao, "Mbukwenyi!", vichwa vinainuka hata kule kona ya mwisho. Kisha anawaomba wamfundishe Kiswahili: hiki kinaitwaje? Mtoto asiyethubutu kumjibu mwalimu anamjibu punda, tena kwa kumcheka.

Huna sauti ya kuigiza? Punda asiongee. Ananong'ona sikioni mwangu, nami narudia kwa mshangao: "Ati nini? Umekula chaki?" Baadaye mtoto mwenye haya ananong'ona kwenye sikio la Punda, Punda ananiletea mimi, jibu linafika darasani bila mtoto kusimamishwa. Nafanya hivi dakika tano hadi saba, si zaidi. Na usimtumie Punda kumsema aliyekojoa au aliyechelewa, maana siku hiyo hiyo watamwogopa.

Kwenye kona ya kuigiza wanaingia sita sita, wengine wako nje chini ya mwarobaini na mwalimu wa zamu. Vifaa vichache: makopo, kipande cha kitenge, daftari lililochakaa, bunzi za mahindi zilizofungwa vitambaa. Waanze na vikaragosi vya bunzi. Chenye mdomo, mtoto wa kwanza kukishika atamng'ata jirani yake. Mchezo wa duka ukizorota siwapangi upya. Naingia kama mteja: "Hodi, mna dawa ya kikohozi?" Muuza sukari anageuka daktari hapo hapo, nami naondoka. Wakikariri igizo la mgeni rasmi, hiyo si michezo tena, ni gwaride.

Punda akimaliza anarudi kikapuni kichwa kikichungulia. Usimtupe juu ya meza akalegea. Watakuuliza kama amekufa. Kwa vumbi letu atahitaji kufuliwa, basi fumua zile pembe, toa boksi, fua kwa sabuni ya mche, na Jumatatu awe amesharudi. Akitoboka, usimbadilishe kimyakimya, watajua. Mpya mlete kama mdogo wake.