Kidole cha Tomaso

Ubao ulikuwa wa mwarobaini: urefu futi 3, upana futi moja na nusu, unene inchi 2. Ulikuwa umekaa kivulini miezi minne, maana mwarobaini mbichi hupasuka, hasa kazi ikitoka Mombasa na kwenda kutundikwa bara kwenye hewa kavu. Oda ilikuwa Karamu ya Mwisho ya kanisani. Mteja alituletea pale karakanani Changamwe ukurasa wa kalenda, nakala ya ile aliyoichora Leonardo da Vinci ukutani huko Milan, mwishoni mwa miaka ya 1490.

Nilipanga kwa penseli: Yesu katikati, mitume watatu watatu, makundi manne. Kisha patasi pana, nikashusha sehemu ya nyuma inchi moja. Nyuso huachwa mwisho; patasi ikiteleza kwenye pua, hakuna pa kurudi.

Tomaso yuko ubavuni mwa Yesu, kidole kimeelekea juu. Nilitaka kitokeze, nikakichimba nyuma hadi kikaachana na ubao, chembamba kama penseli. Nyuzi za ubao zilikwenda kwa urefu, nacho kilisimama wima, kimezikata. Nilipopitisha msasa namba 120, kikakatika, kikapotelea kwenye vumbi. Kisu cha Petro, chembamba zaidi, kilikuwa kizima kabisa. Kile kimelala, kimefuata nyuzi.

Mzee aliyenifundisha kazi alikitazama kile kigutu. "Mwenzako alipaka rangi ukutani, kijana. Ukuta hauna nyuzi."

Nikatafuta kipande cha mwarobaini uleule, nikachonga kidole kipya nyuzi zikiwa wima, nikaacha kijiti mkiani cha kuingia kwenye tundu nililotoboa ngumini. Gundi ya mbao, kitambaa cha kukifunga, kikalala hivyo hadi asubuhi. Nyuma yake nikakiegemeza kwenye kibanzi kilichoshikana na ubao. Ukitazama kwa mbele huoni kibanzi hicho, kimemezwa na kivuli.

Mteja alipokuja kukagua hakugundua kuwa kidole kimeungwa. Aliuliza miguu ya Yesu iko wapi. Kwenye picha haipo: mwaka 1652 watawa walitoboa mlango pale pale chini ya meza. Basi, chini ya meza yetu mbao ilikuwa bado haijashushwa. Nilichonga miguu miwili mchana ule ule, minene kidogo, na vidole nikavichora kwa ncha ya kisu tu bila kuvitenganisha.