Nilivyoutembea mji wa Córdoba kwa kufuata nguzo zake

Córdoba, mji wa kusini mwa Uhispania ulio kando ya mto Guadalquivir, una mengi kuliko anayoweza kuyamaliza mgeni wa muda mfupi, na kwa hiyo kabla sijaondoka nilijiwekea utaratibu wa kufuata kitu kimoja tu, nacho ni nguzo. Nilitaka kujua kila nguzo nitakayosimama mbele yake ilichongwa zama zipi, ilitolewa wapi na leo imebeba nini. Mimi ni mzaliwa wa kusini mwa Unguja, ambako msikiti wa Kizimkazi Dimbani una mihrabu yenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia, na mtu aliyekulia karibu na maandishi hayo hutamani kuona kazi ya namna hiyo ilivyofanywa katika upande wa magharibi kabisa wa nchi za Kiislamu. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada, kusini mwa Uhispania, mwaka 1350, lakini safari yake haikupita Córdoba, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa mikononi mwa wafalme Wakristo wa Castilla kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nilichagua mwezi wa Oktoba kwa makusudi. Katika Julai na Agosti joto la Córdoba hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari wa kulipunguza, kiasi kwamba wenyeji wenyewe hujifungia ndani mchana. Kutoka Madrid nilipanda treni ya mwendo kasi katika stesheni ya Atocha, kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1992, na kwa muda usiofika saa mbili nilikuwa nimeshuka. Nilipanga chumba ndani ya mji mkongwe, hatua chache kutoka mtoni, ili niweze kutoka kwa miguu alfajiri kabla ya makundi ya watalii kuwasili.

Nilianza kwa Warumi, kwa kuwa wao ndio walioufanya mji huu kuwa makao makuu ya jimbo lao la Baetica, na mwanafalsafa Seneca alizaliwa hapa. Daraja la Kirumi lina matao 16, na ingawa mawe yake yamejengwa upya mara nyingi kupitia karne, bado linavuka mto mahali palepale. Nililivuka hadi ng'ambo, kwenye ngome ya Calahorra, kisha nikarudi polepole nikiutazama mji kwa mbele. Baadaye, katika mtaa wa Claudio Marcelo, nilisimama mbele ya mabaki ya hekalu la Kirumi, ambalo nguzo zake ndefu zimesimamishwa tena kando ya barabara ya magari. Ninamshauri kila mgeni apite hapo kabla ya kuingia katika msikiti mkuu wa kale wa mji, kwa sababu akishaona umbo la vichwa vya nguzo za Kirumi, vyenye majani yaliyochongwa yakijikunja kwenye pembe, atavitambua atakapovikuta ndani vikiwa na kazi nyingine.

Jengo ambalo leo huitwa Mezquita-Catedral, yaani msikiti na kanisa kuu kwa pamoja, ndilo moyo wa Córdoba. Jumatatu hadi Jumamosi mlango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na kwa muda wa saa moja watu huingia bila malipo isipokuwa siku zenye ibada maalumu. Wakati huo makundi yenye viongozi hayaruhusiwi na watu hutakiwa kunyamaza. Nilitumia saa hiyo kuzoea jengo kwa ukimya, kisha nikarudi mchana kwa tiketi, nikiwa na nafasi ya kukaa kadiri nilivyotaka. Utaratibu huu wa kuingia mara mbili ndio ulionisaidia kuliko jambo lolote, maana mara ya kwanza macho hushindwa kutulia juu ya kitu kimoja.

Ndani kuna nguzo 856, na ukitaka kuzielewa huna budi kuzitembea kwa mfuatano wa zilivyosimamishwa. Za kwanza ni za Abd al-Rahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Bani Umayya aliyeponea mauaji ya jamaa zake mwaka 750, akavuka Afrika ya Kaskazini, akautwaa mji huu mwaka 756 na kuanza kujenga msikiti miaka ya 785 na 786. Mafundi wake hawakuchonga nguzo mpya, bali walikusanya zilizokuwapo katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watu walioitawala nchi baada ya Warumi. Ndiyo maana katika sehemu hiyo hutaona mbili zinazofanana: moja ni laini na ya kijivu, jirani yake imechongwa mistari ya kuzunguka, nyingine ni ya waridi, na vichwa vyake vimetoka kila mahali. Kwa kuwa zilikuwa fupi mno kubeba dari ya jengo kubwa kiasi hicho, waliweka tao juu ya tao, la chini likiwa na umbo la kwato la farasi na la juu likiwa nusu duara, wakapanga matofali mekundu na mawe meupe kwa zamu. Watu wengi huyasifu matao hayo kwa uzuri wake, nami ninayasifu zaidi kwa akili iliyoyazaa, kwa sababu upungufu wa vifaa ndio uliowalazimisha waashi kubuni kitu ambacho hakikuwa na mfano katika msikiti wowote uliotangulia.

Ukiendelea kuelekea kusini unaipita nyongeza ya Abd al-Rahman wa Pili ya karne ya 9, kisha unaingia katika nyongeza ya Khalifa al-Hakam wa Pili, iliyojengwa katika miaka ya 960. Hapa mkono umebadilika kabisa. Nguzo zimechongwa kwa ajili ya jengo hili hili, nyembamba na zenye kimo kimoja, zikipangwa kwa zamu, moja ya rangi nyeusi inayoelekea buluu na moja ya rangi nyekundu, kwa sababu Khalifa sasa alikuwa na mali, machimbo na mafundi wake mwenyewe. Mbele ya nguzo hizo kuna mihrabu, ambayo si shimo dogo ukutani kama tulivyozoea, bali ni chumba kamili chenye dari iliyochongwa mfano wa kombe la bahari. Kuzunguka mlango wake pana maandishi ya Kikufi ya rangi ya dhahabu juu ya buluu, yaliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo, na wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba fundi wa kazi hiyo na vipande vyenyewe vilitumwa na mfalme wa Byzantium. Nilisimama hapo kwa muda mrefu nikifuata herufi moja baada ya nyingine. Herufi za Kizimkazi zimechongwa katika jiwe la matumbawe lisilo na rangi, karibu miaka 140 baada ya hizi, na bado ukizijua zile utaweza kuzitambua hizi, kwa namna nyayo za herufi zinavyokaa na vichwa vyake vinavyochanua.

Kuhusu sala, ni vyema Mwislamu anayekwenda ajue mapema kwamba kuswali ndani ya jengo hili hakuruhusiwi, na walinzi hulifuatilia jambo hilo kwa makini. Nilitii. Niliomba dua moyoni nikiwa nimesimama kama wageni wengine, na sala zangu nilizitekeleza chumbani. Katika bustani za Plaza de Colón pana msikiti mdogo mweupe uitwao Morabito, uliojengwa katika karne ya 20, na Mwislamu anayetaka kukutana na wenzake ni vyema aupitie. Siwezi kusema kwamba katazo lile halikunigusa. Lilinigusa, na ninaamini litamgusa kila mtu atakayeisoma Kurani iliyoandikwa ukutani pale kwa lugha anayoswalia kila siku.

Upande wa mashariki kuna nyongeza kubwa ya mwisho, ya al-Mansur, waziri aliyeshika madaraka yote, iliyojengwa mwaka 987 na 988. Kusini kulikuwa na mto na magharibi kulikuwa na kasri, kwa hiyo alitanua kwa ubavu, na tangu hapo mihrabu haikukaa tena katikati ya jengo. Tazama matao ya sehemu hii kwa ukaribu: yote ni ya mawe, na wekundu wake ni rangi iliyopakwa ili yafanane na yale ya matofali. Nilipolitambua hilo nilirudi tena hadi sehemu ya kwanza nikalinganisha, na kwangu hicho ndicho kipimo cha dola iliyokuwa na haraka.

Katikati ya nguzo hizo limesimama kanisa kuu. Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castilla alipouteka mji mwaka 1236 msikiti uliwekwa wakfu kuwa kanisa, lakini kwa karibu miaka mia tatu umbo lake halikuguswa sana. Ujenzi mkubwa ulianza mwaka 1523 kwa idhini ya mfalme Carlos wa Tano, ingawa baraza la mji lilipinga vikali, na ukakamilika mwanzoni mwa karne ya 17. Wapo wanaoliona kanisa hilo kuwa jeraha tupu. Mimi ninakubali kwamba limekata safu zilizokuwa zikionekana kutoka mwisho hadi mwisho, na hasara hiyo ni kubwa. Hata hivyo, katika mji wa Sevilla msikiti mkuu ulibomolewa ukabakishwa mnara na ua tu, ilhali hapa jengo lililokuwa likitumika kila siku lilitunzwa, likakarabatiwa na kuezekwa. Mnara wa kuadhinia wa Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu nao umo ndani ya mnara wa kengele, umefunikwa na mawe ya baadaye.

Chakula kilihitaji maandalizi yake, kwa sababu nyama ya nguruwe katika Andalucía, eneo hili la kusini mwa Uhispania, haionekani kila mara kwa macho. Chakula kinachojulikana zaidi kwa jina la mji huu ni salmorejo, uji mzito wa baridi unaosagwa kwa nyanya zilizoiva, mkate wa jana, thomu, mafuta ya zeituni na siki kidogo, na ni kitamu mno wakati wa jua. Lakini juu yake hunyunyizwa yai la kuchemsha pamoja na vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa. Nilikariri maneno mawili, «sin jamón», yaani bila paja la nguruwe, nikayasema kabla ya kuagiza chochote, na kila mara wahudumu walinielewa na kuniletea sahani yenye yai peke yake. Flamenquín niliiacha, kwani ni nyama ya nguruwe iliyoviringishwa na kukaangwa. Mkia wa ng'ombe uitwao rabo de toro, ambao ni fahari ya mji, hupikwa kwa mvinyo, nao pia nikauacha.

Yaliyobaki yalinitosha na kuzidi. Mabilingani hukatwa vipande vyembamba, hukaangwa hadi yakakauka, kisha humiminiwa asali nyeusi ya miwa, na utamu huo juu ya kitu chenye chumvi ulinipendeza kuliko nilivyotazamia. Nilikula dagaa wakubwa waliolowekwa katika siki na thomu, na saladi ya machungwa na samaki mkavu wa chumvi yenye mafuta ya zeituni mengi. Kipo pia chakula cheupe kiitwacho mazamorra, kinachosagwa kwa lozi badala ya nyanya. Nyanya zilitoka Amerika, na kwa hiyo chakula hiki cha lozi ni cha zamani kuliko salmorejo. Kwa vitu vitamu, ulizia mafuta yaliyotumika, kwa sababu keki nyingi za asili, ikiwamo pastel cordobés yenye jamu ya boga, huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Zingatia pia saa za kula: chakula cha mchana hakianzi kabla ya saa saba au saa nane, na cha usiku huanza saa tatu. Chakula cha mchana cha bei moja, chenye sahani mbili, mkate na kinywaji, ndicho kilichoniwezesha kula vizuri bila kumaliza fedha.

Mtaa wa Wayahudi niliupita kwa muda mfupi zaidi, ingawa unastahili kuheshimiwa. Mwanafalsafa Ibn Rushd, Mwislamu, alizaliwa Córdoba mwaka 1126, na mwanafalsafa Maimonides, Myahudi, alizaliwa humu humu miaka michache baadaye. Sanamu zao zote mbili zipo karibu na kuta za kale. Sinagogi ndogo ya mwaka 1315 imepambwa kwa plasta iliyochongwa maua na maandishi ya Kiebrania kwa mkono ule ule wa mafundi wa Kiandalusi, na ni miongoni mwa chache sana za zama hizo zilizosalia nchini.

Nilimalizia kwa Medina Azahara, mji wa kasri ulioanza kujengwa na Abd al-Rahman wa Tatu karibu mwaka 936, kilomita 8 hivi magharibi mwa Córdoba, na kuharibiwa katika vita vya ndani vya mwanzo wa karne ya 11. Basi la wageni hukushusha kwenye jumba la makumbusho, na basi dogo jingine hukupandisha hadi kwenye magofu. Ninashauri makumbusho yatangulie, kwa sababu sehemu kubwa ya mji ingali chini ya udongo. Nguzo zake ni za waridi na za buluu nyeusi, na vichwa vyake vimetobolewa kwa patasi hadi vikafanana na kazi ya uzi wa lasi. Nyingi hazipo tena hapo. Zilichukuliwa kupamba majengo ya watawala wa baadaye, na kwa kuwa Sevilla ni chini ya saa moja kwa treni, nilikwenda huko, nikaviona vichwa vya aina ile ile katika madirisha ya mnara wa Giralda, ambao Wamuwahidi, watawala Waislamu waliotoka Morocco, waliujenga mwishoni mwa karne ya 12.