"Wako huo, mdogo wangu"

Tangu Jumapili kuna neno limenikaa moyoni. Si neno baya. Nalirudia nikiosha vyombo, nalirudia nikiutafuta usingizi, na kila mara nalisikia kwa sauti ile ile ya Dada, ya upole, ya mtu asiyejua kwamba amegusa kitu.

Kifungua mimba wangu alikuwa anasikiliza nyimbo kwenye simu, mara ukaingia "I Want It That Way" wa Backstreet Boys. Mnanijua, wimbo ule ukipigwa siwezi kukaa. Nikampigia Dada hapo hapo, nikaisogeza simu yangu karibu na ya mtoto, nikamwambia, "Dada, sikiliza, wimbo wetu!"

Akakaa kimya kidogo. "Wetu? Wako huo, mdogo wangu. Mimi sikuwahi kuupenda."

Nikacheka. "Acha utani, Dada. Si tulikuwa tunauimba kila usiku?"

"Wewe ulikuwa unaimba. Mimi nilikuwa naitikia."

Basi. Akageukia habari za Baba, tukaagana vizuri. Wiki hii Baba ametoka hospitali anatembea mwenyewe, kifungua mimba amefaulu mtihani wake, nami nimehamishiwa idara nyingine baada ya miaka tisa, na katika yote hayo ninachokiwaza ni hilo moja. Nilikuwa naitikia.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 14, Dada 17. Wimbo ulitoka mwezi wa nne, na albamu yao ya Millennium ikafuata mwezi wa tano, na kwangu mimi mwaka mzima ulikuwa wimbo huo tu. Nilikuwa na daftari la mashairi. Nilikaa karibu na redio na kalamu, nikidaka mstari mmoja leo na mwingine kesho, kisha naingia kwenye kamusi kutafuta maana. Maana haikuja. Mstari huu anaitaka hali ile, mstari wa pili haitaki hata kuisikia. Nikaamini Kiingereza changu ndicho kibovu, nikazidisha kusoma. Dada alikuwa amelala kitandani kwake, akasema, "Hao wenyewe hawajui wanataka nini." Nilikasirika nikamgeuzia mgongo.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba waliouandika ni Waswidi wawili, Max Martin na Andreas Carlsson, na kwamba kampuni ya muziki ilipoona mashairi hayaeleweki, yaliandikwa mengine yenye mantiki na wimbo ukarekodiwa upya. Vijana wale watano wakayakataa, wakarudi kwenye yale ya kwanza. Kwa hiyo Dada alikuwa sahihi tangu siku ile. Nami nilifurahi sana waliyakataa yale yenye maana, kwa sababu nilichokuwa nakipenda hakikuwa kwenye maana. Kilikuwa pale karibu na mwisho, sauti zinapopanda ngazi moja zote kwa pamoja, nami natazama dari na kifua kinanijaa, kwa upande mwingine wa chumba nasikia sauti ya pili inaingia chini yangu. Sauti ya Dada.

Ndiyo maana neno lile limeniuma. Wimbo huu nimewasimulia watu wote niliowahi kuwapenda. Nimewaambia wanangu kwamba mimi na mama yao mkubwa tulikuwa na wimbo wetu. Mtu kunivua nusu ya kumbukumbu yangu kwa sentensi moja, tena kwa upole vile, kulinifanya nijisikie kama nilikuwa peke yangu kwenye kile chumba miaka yote.

Jana usiku nikatoa boksi la viatu pale juu ya kabati. Kaseti ipo. Ya dakika 60, 30 kila upande, mwandiko wangu wa mviringo umeshafifia. Sina tena redio ya kuichezea, ila upande wa kwanza naujua wote kichwani. Mtangazaji anamalizia neno juu ya gitaa la mwanzo, wimbo unakwenda, unaisha, inasikika "tak" ya kitufe. Kisha kabla wimbo unaofuata haujaanza, kuna sekunde chache za mwanamke anaimba polepole na kinanda, katikati ya neno, halafu naye anakatwa. Mliowahi kurekodi redioni mnaujua upenyo ule, kile kinachobaki pale usipoanza kurekodi mahali ulipoishia. Upande mzima una penyo kama hizo, na kila moja ina yule mwanamke. Nilizizoea hadi nikawa naziimba pia, kama sehemu ya wimbo.

Nikaigeuza kaseti mkononi. Pale juu, zile pembe mbili ndogo za plastiki zimevunjwa. Hukuvunja zile bila sababu. Ulivunja ulipotaka kaseti isirekodiwe tena, kwa sababu kilichomo unakitaka kibaki. Na matundu yote mawili yamezibwa kwa karatasi iliyokunjwa ndogo, imebana mpaka leo, ili kaseti ikubali tena kurekodiwa.

Sikuzivunja mimi. Wala sikuziba mimi, maana ule usiku wa nyimbo bora za wiki nilisinzia kabla ya namba moja. Nilipoamka asubuhi wimbo ulikuwa umeshanaswa, na Dada anasuka nywele mbele ya kioo. Nilimrukia shingoni. Sikumuuliza kaseti kaipata wapi. Miaka 14, nani anauliza?

Nilikaa sakafuni na lile boksi mapajani. Nilijaribu kuukumbuka wimbo wa yule mwanamke zaidi ya zile sekunde, sikuweza, kwa sababu hapo ndipo nilipoukatia mimi, wimbo juu ya wimbo, mwaka mzima. Nikaimba vile vipande nilivyonavyo, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ndogo watoto wasiamke.

Nikamwandikia Dada saa tano usiku: "Kwenye ile kaseti kulikuwa na nini kabla ya wimbo wangu?"

Amejibu leo mchana: "Kaseti ipi?"

Nimeanza kumjibu mara tatu, nikafuta. Nadhani nitaipeleka mwenyewe, niiweke mkononi mwake kwanza.

Ila kesho siwezi. Kesho asubuhi nakabidhi funguo za idara ya zamani. Kwenye karatasi zimeandikwa sita, na nimezihesabu tangu jioni, ziko tano.