Kaunta buku jekundu: lebo yetu ya muziki ya Tanga ilivyokua

Marehemu baba aliniachia kibanda cha fundi redio Ngamiani, deki mbili za kaseti na deni la kodi ya miezi minne. Mwaka ulikuwa 2003, nami nina miaka 24. Kazi niliyoijua ni kubadilisha mpira wa redio kaseti na kusafisha hedi kwa pamba na spiriti. Jioni niliwadurufia watu kaseti: mtu analeta tupu, anataja anachotaka, kesho yake anachukua. Nasema wazi kwamba ule ulikuwa wizi. Nilikuwa nauza sauti za watu ambao hawajui kama mimi nipo duniani, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza wao wanakula nini.

Aliyenifanya nijiulize ni ustadhi wa madrasa iliyo mitaa miwili nyuma yetu. Alikuja majuma matatu kabla ya Maulidi akiwa na redio mbovu mkononi. Nilipokuwa naifungua akaniuliza kama naweza kuwarekodi watoto wake wakisoma kasida, apate kaseti za kuuza usiku wa Maulidi, maana mikeka ya madrasa ilikuwa imechakaa. Nikamwambia naweza. Sikuwa nimewahi kurekodi kitu.

Nilikwenda na deki moja, maiki ya kuazima na waya mrefu. Maiki niliining'iniza kwenye ndoano ya feni katikati ya chumba, watoto wakakaa duara chini yake. Tuliposikiliza, hakukuwa na kasida, kulikuwa na dufu tu. Wapigaji walikuwa wamekaa chini ya maiki kabisa na sauti za watoto zimezama. Nikawahamisha wapigaji mlangoni, wakawapa mgongo wenzao, na wasichana wawili wenye sauti nyembamba nikawasimamisha juu ya benchi. Tukaanza upya. Kunguru wakaingilia. Tukaanza tena, ikaadhiniwa laasiri. Mkanda mzuri tuliupata baada ya isha, kunguru wamelala na mtaa umetulia, na tangu siku hiyo hadi leo kazi zangu nyingi za sauti nazifanya baada ya isha.

Tulitoa kaseti 100. Kaseti tupu ilikuwa shilingi 450, kava tulitoa fotokopi kwenye karatasi ya kijani, zote 5,000. Hatukuwa na jina, kwa hiyo kwenye kava tuliandika jina la madrasa, namba ya barabara yetu na neno Tanga. Ziliisha usiku wa pili, kila moja 1,000. Nikatoa gharama, ikabaki 50,000, nikamkabidhi ustadhi nusu yake. Alizihesabu taratibu, akaziweka mfukoni, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na zile utakazodurufu kesho, mwanangu?"

Nikanyamaza. Mkanda mama, ule wa asili ambao nyingine zote hudurufiwa kutoka kwake, ulikuwa kwangu. Kweli, kesho ningeweza kudurufu nyingine 100 na yeye asijue.

"Basi andika," akasema. "Mimi nitakufa, wewe utasahau."

Siku ileile nikanunua kaunta buku lenye jalada gumu jekundu. Nikalichora mistari: tarehe, zilizodurufiwa, zilizouzwa, zilizobaki, fungu la msomaji, fungu la mtunzi wa maneno, sahihi. Fungu la mtunzi nililiweka kwa kuwa ustadhi alisema kasida mbili kati ya zile alizitunga mwenzake wa Muheza. Watu wakiniuliza lebo yetu ilianza lini, nawatajia siku niliyochora ile mistari. Kabla ya hapo nilikuwa mdurufu wa kaseti.

Kasida zilitubeba miaka miwili, na kila Maulidi ilikuwa na madrasa yake. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye taarab. Tanga ni mji wa taarab. Black Star na Lucky Star ni vilabu vya hapa, na mama zetu walikua wakiviimba jikoni. Jambo lililoniuma ni kwamba sauti za kwetu zimekuwa zikisafirishwa ndipo zirekodiwe. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Vilabu vyetu vya Tanga santuri zao zilitolewa Mombasa, na bendi za dansi kama Jamhuri Jazz zilitegemea Nairobi. Zama zangu safari ilikuwa ni basi la Dar es Salaam, saa nyingi njiani, halafu studio inayolipwa kwa saa. Makorora kulikuwa na bibi mmoja aliyewahi kuimba klabuni ujanani. Miguu ilikuwa inamsumbua, safari kama hiyo asingeiweza. Nikaona kama haendi kwenye studio, studio imfuate.

Nilikwenda kwake kumuomba. "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Wewe si binti wa fundi?" Baba alikuwa amewahi kumtengenezea redio bila kumtoza. Akakubali hata kabla sijamaliza maelezo yangu.

Mwaka huo ulikuwa 2006, mwaka wa mgao mkubwa wa umeme. Tulifunga betri mbili za gari kuendesha deki na miksa ndogo ya mtumba. Ukuta wa kibanda tuliupanga magodoro manne ya kuazima. Watu walinishauri nibandike trei za mayai; nilizijaribu, hazikuzuia chochote, kelele za bajaji zilipita kama kawaida. Godoro la pamba ndilo linalomeza sauti. Joto lilikuwa kali, feni haiwezekani kuwashwa kwa sababu ya mlio wake, na mzee wa fidla akawa anafuta jasho baada ya kila ubeti.

Bibi alianza kuimba na mimi nikasikia kwenye hedifoni kitu kinalia, cheng, cheng, kila anapoinua mkono. Bangili. Zilikuwa tatu za fedha, alivishwa siku ya harusi na hazikuwa zimetoka mkononi tangu hapo. Nikamuomba azivue, akanitazama tu. Binti yake ndiye aliyepata njia: alichana kipande cha leso kuukuu, akazizungushia bangili zote kwa pamoja na kufunga fundo juu. Bibi akainua mkono, kimya. Akacheka, akarudi mwanzo wa wimbo, na ule mkupuo mmoja ndio uliotoka kwenye kaseti. Nikiusikiliza hata leo naliona lile fundo la leso.

Nyimbo zilikuwa sita. Mashairi manne alitunga mwenyewe, mawili ni ya mzee wa Pangani. Bibi hakujua kuandika, kwa hiyo kwenye kaunta buku aliweka dole gumba.

Hapo nikafanya kosa lililokaribia kuniangusha. Kwa mkono nisingeweza kudurufu kaseti za kutosha mikoani, nikapeleka kazi kwa msambazaji mmoja Kariakoo. Tulikubaliana kwa mdomo kaseti 3,000 kwa shilingi 600,000, nusu kwanza. Akanipa karatasi ya Kiingereza nitie sahihi, nami nikasaini nikiwa nimesimama, nawahi basi. Nusu ya pili haikuja. Baada ya miezi michache binamu yangu akanipigia kutoka Mombasa akanipongeza kwamba kaseti yetu imejaa sokoni. Nilipoiona, rangi ya kava ilikuwa tofauti na zile 3,000. Nikampelekea mwalimu mmoja ile karatasi anisomee. Ilisema nimeuza kazi yote, milele.

Nilikwenda COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, kuuliza. Kazi iliyokwisha sainiwa sikuirudisha, lakini nilitoka na elimu ambayo ningepaswa kuwa nayo mapema. Sheria Na. 7 ya 1999 inatofautisha mambo mawili: hakimiliki, ya yule aliyetunga, na hakishiriki, ya aliyeimba, aliyepiga na aliyegharamia kurekodi. Wimbo mmoja una wenyewe kadhaa, na kila mmoja anaweza kuuza chake bila kuuza cha mwenzake. Mimi niliuza vya wote kwa sahihi moja, tena bila kuwauliza.

Nikarudi Tanga nikafungua kaunta buku. Kwa hesabu ya 3,000 tulizokubaliana, bibi, mzee wa Pangani na wapigaji walikuwa bado wananidai mafungu yao ya nusu ya pili, baada ya ile nusu tuliyokwisha gawana. Wao hawakuwa na makosa. Nililipa kwa fedha ya ufundi redio, miezi 14, kila mwisho wa mwezi nakwenda Makorora na kibahasha na lile kaunta buku. Mama alinilaumu, alisema nimetapeliwa mimi, kwa nini nijitapeli mara ya pili. Nilimwelewa. Tulikuwa tunakula dona na mchicha, na mtoto wangu alikuwa mdogo.

Lakini mji wa Tanga si mkubwa. Mpiga fidla alisimulia klabuni, binti wa bibi akasimulia kwenye harusi. Kabla sijamaliza deni lile, watu walianza kuja wenyewe: kikundi cha Muheza, waimbaji wawili wa Pangani, kaka mmoja wa Pemba na udi wake kwenye gunia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina mashine gani. Waliomba kuliona kaunta buku. Nililigeuza juu ya kaunta wakasoma, na ambaye hajui kusoma akatafuta dole gumba la bibi kwa kidole chake. Tangazo la redio sikuwahi kulipia. Tulikua kwa njia hiyo.

Msambazaji sikumtafuta tena. Nilinunua mashine ya kudurufu inayotoa kaseti tatu kwa mpigo, ya mtumba, na mikataba nikaiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, naisoma kwa sauti mbele ya watu wote kabla ya mtu kusaini. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008 nikaacha kubeba bahasha. Kaka wa Pemba alipokea fungu lake bila kupanda chombo.

Miaka ya CD sina mengi ya kuieleza. Ilikuja ikapita. Iliyotuumiza ni memori kadi. Vijana wenye kompyuta waliweka meza kila kona, unatoa fedha kidogo unajaziwa nyimbo mia kwenye simu. Niliwafuata watano wa mitaa ya karibu, nikawapa nyimbo zetu zikiwa safi na picha za kava ili wanilipe kila wiki. Wawili walilipa kwa uaminifu, watatu hawakulipa. Mgao wa 2011 nao ukaja, na jenereta ikala faida ya mwaka. Kuna miezi nilirudi kutengeneza simu, na kwenye ukurasa wa kila mwimbaji nikaandika sifuri, tarehe na sahihi. Sifuri nazo niliwapelekea. Mtu akiiona sifuri yake imeandikwa hakushuku.

Kilichotufufua kilikuwa YouTube, na sikukiamini mwanzoni. Mpwa wangu alinifungulia chaneli, akapandisha kasida za zamani kutoka kwenye mikanda mama. Mwaka 2018 masharti yakawa magumu: bila wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, huweki matangazo. Ramadhani na Maulidi zilituvusha. Kisha chaneli nyingine iliyokuwa imepandisha kasida zetu ikadai ni mali yake, na mapato yakazuiwa. Wakala anayetusambazia nyimbo mtandaoni akaomba ushahidi. Nilipiga picha ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, wenye tarehe ya 2003 na sahihi ya ustadhi, nikaambatanisha picha ya mkanda mama wenye mwandiko wangu. Ilichukua miezi mitatu. Tulishinda.

Wakala huyohuyo ndiye aliyenifundisha ISRC, ile namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 ambayo kila rekodi hupewa yake, ili popote inapopigwa fedha ijue njia ya kurudi. Tuliingiza rekodi zetu zote, kazi ya miezi, na tabu ilikuwa majina. Mwimbaji mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna nne kwenye kava nne. Mashine inaona watu wanne, na mapato yanatawanyika. Kama una rekodi za zamani anza na majina kabla hujagusa sauti. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilipofunguliwa Tanzania 2021 sisi tulikuwa tumeshajipanga. Taarifa zinakuja kila robo mwaka, na nilishangaa kuona wasikilizaji wengi wa bibi wako Oman. Nilipomwambia binti yake hakushangaa, alisema nusu ya majirani wao wa utotoni wako Muscat.

Leo tuko wanne, tuna chumba chenye kuta za pamba, na wasanii 31. Mapato si makubwa. Kibanda cha mbele bado kinatengeneza simu na redio. Hesabu ziko kwenye kompyuta, lakini safu zake ni zilezile nilizozichora 2003, na kila robo mwaka nazinakili kwa mkono. Sasa ni kaunta buku la tisa.

Bibi wa Makorora alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Haki ya mtunzi kwa sheria yetu inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo ukurasa wake haujafungwa. Jumatatu iliyopita mjukuu wake alikuja kuchukua fungu la familia, shilingi 41,300. Nilimfungulia kwanza lile la kwanza, jekundu, aone dole gumba la bibi yake, wino wake umegeuka kahawia. Aliliangalia sana. Halafu akavuta la tisa, akasaini, akaniuliza kama zile bangili zinasikika kwenye kaseti. Nikamvalisha hedifoni, nikamwekea ule mkanda wa kwanza, wa kabla ya leso.