Chanikiwiti

Mwalimu aliingia kafe na pampu ya baiskeli mkononi. Tanga yetu baiskeli utaifunga kufuli, lakini pampu ukiiacha kwenye fremu umeitoa sadaka. Kabla sijamaliza shikamoo yangu akaniambia nyumbani kwake kuna misiba miwili: kipanya kimekufa, na kompyuta imekuwa bubu.

Ilikuwa Oktoba 2008, Idi imepita kama wiki mbili. Nilikuwa na miaka 21, nashika zamu ya mchana kwenye intaneti kafe moja pale mjini, na sifa yangu kubwa ilikuwa kupiga window, yaani kuifuta mashine na kuiwekea Windows upya. Kwa mafundi wa umri wangu hiyo ndiyo ilikuwa Panadol. Mashine nzito? Piga window. Flashi imeleta virusi? Piga window. Tulikuwa tunatia CD, tunafuta diski, tunabonyeza Enter mpaka kidole kinachoka, tunapokea elfu kumi yetu na kuondoka tukiitwa wataalamu.

Kipanya, kwangu mimi, kilikuwa Hiace ya abiria, zile nilizozipanda Dar nilipokwenda kwa mjomba. Hiki cha mezani tulikiita mausi. Lakini Mwalimu alikuwa amefundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na hakuna neno lililopita mbele yake bila kukaguliwa. "Mausi ndiyo nini? Kama ni panya, sema panya. Kama ni mdogo, kipanya." Nikasema sawa Mwalimu, Jumamosi nitakuja kukitazama kipanya.

Kompyuta yenyewe nilikuwa naijua. Pentium 4 ya mtumba, kioo chake kile cha zamani chenye mgongo mrefu, juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Aliinunua kwa kazi moja tu. Miaka ya sabini, akiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi karibu na mashamba ya mkonge, alikuwa na mazoea ya kwenda Jumapili kwa wazee waliokuja mashambani kama manamba, vibarua wa mkonge kutoka mbali. Aliwauliza walitoka wapi, walikujaje, kwa nini hawakurudi kwao, na majibu akayanasa kwenye kaseti. Zilikuwa 31. Sasa tepu zilikuwa zimeanza kunata, nyingine zinapiga mluzi.

Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemwonyesha namna ya kuzihamisha: waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti mpaka nyuma ya kompyuta, na programu ya bure ya kurekodia. Ile iliyokuja na Windows XP ilikata baada ya sekunde 60, na mzee wa mkonge ndani ya sekunde 60 hajamaliza hata kukohoa. Kaseti ya saa moja ilikula karibu megabaiti 600, yaani CD nzima, kwa hiyo Mwalimu hakuchoma nakala yoyote. Alishahamisha 19. Mbili kati ya hizo zilikatika mara tu baada ya kuhamishwa, zikabaki mle kwenye diski C, ile ile inayofutwa ukipiga window, na kwingine popote hazipo.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nasisitiza, nilikuwa nayajua.

Jumamosi nikaenda Ngamiani kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Nilikuta chai ya tangawizi, mkate wa kumimina, na mjukuu wake, binti wa darasa la pili, ambaye aliniamkia kisha akasimama nyuma ya kiti changu kama msimamizi wa mtihani. Nikawasha mashine. Mshale ulikuwa unatetemeka mahali pamoja kama kuku aliyenyeshewa, mara unaruka mpaka kona ya juu, mara unaganda.

Ilikuwa mausi ya taa nyekundu chini. Nikaipuliza, nikaifuta kwa ncha ya shati, nikaihamishia tundu lingine la USB. Wapi. Nikatoa begini mausi ya kafe, ile ya zamani yenye kigololi ndani, nikaichomeka kwenye tundu la duara la kijani huku mashine inawaka. Mshale haukujali. Nikatikisa kichwa kama daktari. "Hii bandari imeungua, Mwalimu."

Haikuwa imeungua. Matundu yale ya duara kompyuta huyaangalia inapowaka tu. Ukichomeka kitu katikati ya safari, kwake hakipo mpaka uizime na kuiwasha upya. Hilo nilikuja kulijifunza baadaye kwa kulipa mausi za watu. Siku ile nilichofanya ni kujionyesha. Nikabonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, nikaanza kuusukuma mshale kwa namba za kibodi: 4 kushoto, 6 kulia, 8 juu, 5 kubofya. Mwalimu akasema, "Mashaallah." Mtoto hakusema kitu.

Nikaja kwenye sauti. Alama ya spika pale chini kulia ipo, haijafungwa. Nikavuta vitelezi vyote mpaka juu. Spika zenyewe taa inawaka. Nikafungua faili mojawapo la wazee, likacheza, na kwenye kidirisha ile mistari ya rangi ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kwa mpigo wa mtu anayeongea. Tukaitazama sote watatu. Maana yake sauti ilikuwepo. Ilikuwa inatoka ndani vizuri kabisa, ila inapotelea njiani. Fundi mwenye akili hapo angefuata waya.

Mimi nikafungua begi nikatoa CD.

"Hiyo ya nini?"

"Tunapiga window upya, Mwalimu. Mashine itakuwa mpya kabisa."

"Na wazee wangu?"

Nilitoa jibu ambalo mpaka leo likinijia usiku nageukia upande wa pili. Nilisema, "Tutajaribu kuwaokoa." Mfukoni nilikuwa na flashi ya megabaiti 256. Humo hata nusu ya mzee mmoja asingeenea.

Mwalimu akanyamaza. Mimi nikawa natafuta pa kuweka lile kasha la CD, meza imejaa vikombe, nikaiokota mausi yake ya taa nyekundu nikaiweka juu ya daftari lililokuwa pembeni. Mshale ukatulia. Nikaisogeza kidogo kwa kiganja: ukateleza kama dau. Nikairudisha mezani: ukaanza wazimu wake. Daftarini: ukatulia.

Ndipo nilipoitazama ile meza. Ilikuwa imewekewa kioo kipya, kioo kizito kisicho na rangi, chini yake picha za harusi, za mahafali, na moja ya Mwalimu akiwa na afro. Walikinunua kwa ajili ya Idi. Mausi ya taa ina kamera ndogo tumboni, inapiga picha zaidi ya elfu moja kila sekunde za mahali inapopita na kuzilinganisha, ijue imesogea kwenda wapi. Inataka kuona vinyweleo vya mbao, nyuzi za karatasi. Kwenye kioo safi haioni kitu cha kushika, inabaki kubahatisha. Kipanya cha watu kilikuwa kizima siku zote.

Na mimi badala ya kusema hivyo nikakaza uso na kutangaza: "Kipanya nimeshakirekebisha."

Mwalimu akafurahi sana. Kwa furaha hiyo akaanza kusimulia, kama wazee wanavyosimulia mambo baada ya hatari kupita, walivyohangaika siku ya kuweka kioo: ilibidi meza isogezwe, nyaya zote zichomolewe, kisha zirudishwe. "Mgongo wangu hauingii tena chini ya meza. Aliingia huyu. Mimi nikawa namwelekeza hapa nilipokaa: spika kwenye chanikiwiti, redio kaseti kwenye samawati."

Nyuma ya kiti changu sauti ndogo ikauliza:

"Babu, chanikiwiti ndiyo ipi?"

Mwalimu akavua miwani.

"Si nilikwambia siku ile?"

"Ulinambia. Sikuijua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya." Kisha akajitetea: "Shuleni tunasema kijani."

Sijawahi kuona mtu mzima akikosa neno kama alivyokosa yeye dakika ile. Miaka yote ya insha na imla, na mjukuu wake mwenyewe ameingia gizani chini ya meza, ameshika waya, hajui rangi aliyotajiwa, na anaogopa kuuliza. Mimi chanikiwiti nililijua kwa mama, kwenye kanga. Bila hivyo nami ningebahatisha.

Nikaingia chini na tochi ya Nokia yangu. Nyuma ya lile kasha ambalo sote tunaliita CPU kulikuwa na matundu matatu madogo: la pinki, la maikrofoni, tupu; la samawati, la kuingizia sauti, limechomekwa spika; la chanikiwiti, la kutolea sauti, limechomekwa redio kaseti. Kila kitu kilikuwa kinaongea na ukuta. Nikavibadilisha nafasi. Ilichukua muda wa kutamka hivyo tu.

Nilikuwa nimesahau kwamba vitelezi vyote viko juu na faili bado linacheza. Nyumba nzima ikajaa mzee anayekohoa. Bibi akatoka jikoni, mkono una unga, akajitanda vizuri na kuuliza mgeni gani amefika. Yule mzee akamaliza kukohoa, akasema kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia ukubwani:

"Mwalimu, hicho kidude chako kinasikia kweli?"

Sauti ya kijana ikamjibu, nyepesi, yenye haraka: "Kinasikia, mzee. Wewe sema tu."

Mtoto akamgeukia babu yake. "Huyo anayemjibu ni nani?"

"Huyo ni mimi," Mwalimu akasema, na akapunguza sauti.

Nilirudisha CD begini. Akanipa elfu kumi, nikapokea. Ningeweza kusema kwamba nilikataa, lakini kodi ya chumba ilikuwa imefika.

Wiki iliyofuata akaja tena kafe, pampu mkononi, jasho linamtoka. Kipanya kimekufa tena. Mjukuu alichukua daftari lake kwenda nalo shule, na tangu hapo hakijainuka. Tena yeye Mwalimu hakukaa kizembe, alijaribu kwanza mwenyewe: alikisafisha kile kioo kwa gazeti na siki, akakisugua asubuhi na jioni, sasa kinang'aa hata uso wako unauona.

Nikamvutia kiti akae, nikaagiza chai, maana niliona maelezo yatakuwa marefu.