Pospolite ruszenie: neno nililolipata jikoni

Ilikuwa Machi 2022, hapa Poznań, Poland, treni za wakimbizi wa Ukraine zikiingia usiku na mchana. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa jikoni anapaka mikate siagi ya kupeleka stesheni. Akaniona mlangoni, akanikabidhi kisu: "Pospolite ruszenie!" Nikapaka. Nilidhani ananihimiza niharakishe.

Kumbe maana yake ni watu wote kuinuka kwa pamoja. Nikasema moyoni, huu si msaragambo tu? Kwetu Tanga mbiu ikilia, kila mtu na jembe lake.

Mwaka jana nikamsimulia mfanyakazi mwenzangu. Akacheka, Jumapili akanipakia kwenye gari hadi Ujście, mji mdogo karibu na Piła, pale mto Gwda unapoingia Noteć. "Nikuonyeshe pospolite ruszenie yenyewe," akasema.

Zamani neno hili lilikuwa la vita. Mfalme akizidiwa aliwaita szlachta, yaani makabaila, kila mmoja aje na farasi wake, silaha yake na chakula chake. Tena kuwaita kulikuwa na masharti. Mwaka 1454, vita vikiwa vimeshaanza, walimbana mfalme Kazimierz wa Nne mpaka akakubali kwamba hatawaita bila idhini ya mabaraza yao. Mwaka huohuo wakachapwa vibaya vitani, karibu na mji wa Chojnice. Mwaka 1537 walikusanywa karibu na Lwów (leo Lviv, Ukraine) waende kupigana Moldavia. Hawakwenda. Walikaa palepale wakigombana na mfalme, na kuku wa vijiji vya jirani wakaishia chunguni. Wapoland wanaiita Vita vya Kuku hadi leo, wala sijatunga.

(Wale wapanda farasi wenye mabawa mnaowaona kwenye picha, husaria, ni habari nyingine. Wale walilipwa mshahara.)

Sasa Ujście. Julai 1655, Uswidi ikiivamia Poland, makabaila wa Wielkopolska, yaani eneo hili la Poznań, kama 13,000, walipiga kambi hapa kuzuia adui asivuke mto. Ng'ambo walikuja Waswidi wa Arvid Wittenberg, wazoefu wa vita, na pamoja nao Hieronim Radziejowski, Mpoland aliyewahi kuwa naibu kansela kabla ya kukosana na mfalme wake. Yeye aliijua lugha ya kuzungumza na wenzake. Waliohangaika kushika vivuko walikuwa hasa askari wa miguu, watoto wa wakulima. Tarehe 25, Krzysztof Opaliński, gavana wa Poznań, akatia saini ya kusalimu amri, Wielkopolska ikawa chini ya mfalme wa Uswidi, na makabaila wakatawanyika makwao.

Mwenzangu aliyasimulia hayo kama mtu anayeungama dhambi ya babu yake. Mimi niliona afadhali kidogo: Oktoba ileile Krzysztof Żegocki, kabaila wa mkoa huohuo, aliuteka mji wa Kościan mikononi mwa Waswidi kwa kikosi kidogo. Nilipomtajia, akaguna tu.

Jioni nikamuuliza mama mwenye nyumba: iweje neno la watu waliosalimu amri liitwe siku ya kupaka mikate? Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata uso.

"Hao walikuwa mabwana," akasema. "Watu wa kwetu walikuwa watumishi wao."

Kisha akanisogezea kisu cha pili.