Nilivyoingia kwenye virolojia kupitia maabara

Watu wakiniuliza nilifikaje kwenye utafiti wa virusi, wengi hutarajia habari za chuo na alama za mtihani. Alama nilikuwa nazo, lakini kilichonifungulia milango ni kwamba nilijua kutunza seli. Virusi haviwezi kuzaliana peke yake. Ni lazima viingie kwenye seli hai. Asiyeweza kukuza seli zenye afya hawezi kuviuliza virusi swali lolote la maana, na wapo wanaokuja kuligundua hilo wakiwa tayari wameshaanza uzamivu.

Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya sayansi ya maabara ya tiba. Virolojia tulifundishwa juu juu: maumbo, makundi, magonjwa, basi. Nilipomaliza niliomba kazi ya msaidizi kwenye maabara ya utafiti, cheo cha chini kabisa: kuosha vyombo, kuandaa vimiminika, kuandika lebo. Wenzangu wengi waliunganisha moja kwa moja na uzamili. Mimi nilitaka kuiona kazi yenyewe kwanza, na mpaka leo naamini kipindi kile kilinijenga kuliko darasa lolote.

Tulitumia seli za Vero, ambazo asili yake ni figo ya tumbili na zilianza kukuzwa Japani mwaka 1962. Maabara nyingi huzipenda kwa sababu hazitengenezi interferoni, protini ambayo seli nyingine huitoa kuzuia virusi visiendelee kuongezeka. Ndiyo maana virusi vya aina nyingi hustawi humo. Mtaalamu aliyenifundisha, mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo karibu maisha yake yote, hakuniruhusu kugusa virusi mpaka niweze kutazama chupa kwenye hadubini na kumweleza hali ya seli: zimesongamana, chakula kimeisha, au zimeanza kubanduka. "Ukiweka virusi kwenye seli zinazoumwa, utajuaje kilichoziua ni nini?" alikuwa akiniuliza. Swali hilo najiuliza kila ninapoandaa jaribio.

Hapo ndipo akanifundisha kuhesabu virusi kwa kipimo cha plaki. Renato Dulbecco ndiye aliyekianzisha kwa virusi vya wanyama mwaka 1952, na bado tunakitegemea tunapotaka kujua ni virusi vingapi kwenye sampuli vinaweza kuambukiza kweli. Unaizimua sampuli mara 10, kisha mara 10 tena, na kuendelea hivyo. Unaweka kiasi kidogo juu ya tabaka la seli, unaacha saa 1 kwenye nyuzijoto 37 ili virusi vishike, halafu unafunika kwa ute mzito. Ute huo huvizuia virusi vipya kwenda mbali; vinaambukiza seli za jirani tu. Siku kadhaa baadaye unazihifadhi seli zilivyo kwa fomalini na kuzipaka rangi ya zambarau. Penye seli hai hushika rangi, zilipokufa hubaki tundu, na tundu hilo ndiyo plaki. Kila tundu linahesabiwa kuwa limeanzishwa na kirusi kimoja. Ukipata matundu 42 kwenye kisima (kishimo kimoja cha sahani tunamokuzia seli) cha sampuli iliyozimuliwa mara 100,000, na uliweka mililita 0.2, basi kila mililita ya sampuli ya mwanzo ilikuwa na virusi milioni 21 vyenye uwezo wa kuambukiza.

Kwenye karatasi ni hesabu ya shule. Mkononi ni jambo jingine. "Mimina ubavuni mwa kisima, polepole, usimimine katikati," aliniambia akiwa amesimama nyuma yangu. Ukimimina kwa nguvu, seli hubanduka, na utaishia kuhesabu matundu uliyoyatoboa mwenyewe. Visima visivyowekwa virusi ndivyo vinavyosema ukweli: vikiwa na matundu, sahani nzima haina thamani, hata kama namba zake zinapendeza.

Ujuzi huo ndio ulionipatia nafasi ya uzamili kwa msimamizi aliyekuwa akichunguza dengi, homa inayoenezwa na mbu. Virusi vya dengi viko vya aina 4. Anayeugua aina moja hupata kinga ya muda mrefu dhidi ya aina hiyo, lakini akipatwa na aina nyingine baadaye, kingamwili za mwanzo, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, zinaweza kuvikamata virusi bila kuvizima, zikavirahisishia kuingia kwenye baadhi ya seli za kinga, na ugonjwa ukawa mkali zaidi. Jambo hilo lilinishika na halijaniachia. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba mgonjwa ana kingamwili; ni lazima ujue kama zinazuia. Ili kulijua hilo, unaipasha seramu ya mgonjwa (majimaji ya damu yenye kingamwili) kwa nyuzi 56 kwa dakika 30, unaichanganya na virusi, kisha unatafuta ni uzimuaji upi unaopunguza matundu kwa nusu. Yaani nilirudi kwenye visima vile vile, safari hii nikiwa na swali langu. Kirusi cha Zika kilipolipuka Brazili mwaka 2015, umuhimu wa kipimo hiki ulionekana wazi, kwa maana Zika na dengi ni ndugu, na vipimo vya kawaida vya kingamwili huvichanganya.

Kabla ya uzamivu nilitafuta msimamizi kwanza, chuo baadaye. Niliwaandikia waliokuwa wanafunzi wa kila maabara niliyoifikiria: wangapi wamemaliza, wako wapi sasa, nani huandikwa wa kwanza kwenye makala, na je, fedha za kemikali zinafika mwisho wa masomo au zinakatika njiani? Maabara moja yenye jina kubwa niliiacha kwa sababu wanafunzi wake waliniambia hawamwoni msimamizi isipokuwa kwa barua pepe. Niliyoichagua haikuwa na jina kubwa, lakini kila wiki tulikaa mezani na sahani zangu tukazijadili kisima kwa kisima. Humo pia nilijifunza lugha ya programu ya R na kusoma jenomu ya dengi, yaani maelezo yote ya urithi ya kirusi, yenye herufi zipatazo 10,700. Nilijifunza kwa data zangu mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu yalinikaa kichwani.

Sasa ni mtafiti wa baada ya uzamivu, kwa mkataba, na kazi inayonikabili ni kupata ufadhili kwa jina langu. Andiko la kwanza lilikataliwa. Maoni ya wahakiki yaliniuma, lakini yalikuwa ya haki: nilipendekeza kulinganisha kingamwili dhidi ya aina zote 4, huku matokeo ya awali niliyoonyesha yakiwa ya aina 2 tu. Nimeanza kupima mbili zilizobaki, na andiko litarudi dirisha la maombi likifunguliwa tena.